Roho Tatu za Mahadhi Bingwa

Ndugu yangu Mahadhi ana bango mlangoni kwake, hapa Malindi upande wa Shela, limeandikwa kwa rangi ya buluu: MAHADHI BINGWA, FUNDI WA TV, SIMU NA KOMPYUTA. Mteja akiuliza ubingwa wenyewe ni wa nini, humwambia avute kiti, na akishaanza, ujue huyo mteja leo hatoki. Mimi ni dadake wa tumbo moja, Ruqaiya, nimemtangulia kwa miaka mitano. Ubingwa ule naujua ulivyopatikana. Nimeukalia kimya miaka thelathini, na kimya hicho kimenichosha.

Nianze na mtu mwenyewe. Mahadhi tangu utotoni hakuweza kushindwa. Sisemi kwamba hakushindwa, alishindwa sana tu, ila hakuweza kulivumilia jambo hilo. Tukicheza karata barazani, akiona mambo yanamwendea kombo, utasikia ana haja ya kwenda msalani, na akirudi, turufu imo mkononi mwake. Mama alikuwa akicheka mpaka machozi. "Mwanangu ana akili huyu," akisema. Ningeficha turufu mimi, ningepigwa kibao. Yeye alisifiwa, akakua akidhani akili ndiyo hiyo.

Mwaka wa tisini na nne alikuwako Mtaliano mmoja hapa mjini, Bwana Piero, akitengeneza redio na TV za mahoteli. Alikuwa na kompyuta ya siku zile, aina ambayo kibodi ndiyo kompyuta yenyewe, unaiunganisha na TV kwa waya. Mchezo ulikuwa ndani ya kaseti, kaseti hizi hizi za nyimbo, na ukiitia unangoja robo saa nzima huku inalia kama mbuzi aliyefungwa. Kila Jumamosi vijana wa mtaa wakijaa kwenye karakana yake kucheza mchezo waliouita Mzamiaji. Mtu anapiga mbizi, anaokota lulu, papa wanamwinda. Una roho tatu. Papa akikuuma umekufa, unabaki na mbili. Zikiisha zote umekwisha, na kama alama zako zimewapita wenzako, mashine inakuuliza jina.

Hapo palikuwa na jambo moja la kukumbuka. Mashine ile ukiizima inasahau kila kitu. Kwa hivyo Piero akisimama na chaki, mashine ikishauliza jina na mchezaji akaliandika, yeye hulinakili ubaoni. Sheria yake ilikuwa hiyo tu: jina ambalo mashine haikuliuliza, haliandikwi. Usimwambie ulikuwa unaongoza, usimwambie umeme ulikatika. Mpaka ufe, mashine iulize, ndipo chaki isogee.

Likizo ya Agosti mwaka huo, Piero akatangaza kwamba atakayekuwa juu ya ubao shule zikifunguliwa, atamchukua amfundishe kazi bila malipo. Na kila mtu alijua nani atakuwa juu. Kulikuwa na kijana wa Kigiriama kutoka Ganda, Karisa, baba yake mkulima, mwenyewe alikuwa akija mjini kwa baiskeli kuuza mihogo. Akishauza, anaingia karakanani na vumbi lake miguuni, anakaa, anacheza. Nilimwona kwa macho yangu siku niliyompelekea Mahadhi chakula. Alikuwa hasemi wala hatikisiki, vidole tu ndivyo vilivyokwenda. Karo ya sekondari nyumbani kwao haikuwapo, na ile nafasi kwa Piero ndiyo ilikuwa shule yake. Hakuificha habari hiyo. Alinieleza mlangoni, akiwa na furaha, kana kwamba ameshapata.

Wiki ya mwisho ya likizo, nikawa natafuta kastabani yangu ndani ya kopo la nyuzi. Nikakuta chini yake kijisanduku cheusi cha plastiki, ukubwa wa kipande cha sabuni, upande mmoja kina meno ya shaba, upande wa pili kina kitufe chekundu. Nikamwita Mahadhi. Akakinyakua, kisha akashindwa kujizuia, maana mjinga akiiba lazima amwonyeshe mtu. Alikuwa amekipata kwa mtoto wa mtalii mmoja ufukweni, kwa kubadilishana na makombe ya baharini. Unakichomeka nyuma ya kompyuta, mchezo ukianza unabonyeza kitufe, kila kitu kinasimama. Hapo unaiambia mashine: mahali unapopunguza roho, usipunguze tena. Unabonyeza tena, mchezo unaendelea, na wewe hufi. Unaumwa, unazinduka, roho zako tatu ziko pale pale.

"Na usipokufa, jina utaulizwa vipi?" nikamwambia. Nilikuwa nimeshaielewa sheria ya Piero.

"Nikishapata alama zangu nabonyeza tena, nairudishia mashine hesabu yake, kisha najiua." Akacheka. "Dada, usiwe na wasiwasi."

Akangoja Piero aende kula, wenzake waende kuogelea. Waliporudi mashine inauliza jina, na alama zimempita Karisa mara mbili. Piero akasogeza chaki. Karisa akautazama ubao, akampa Mahadhi mkono, akasema hongera ndugu yangu, akachukua baiskeli yake. Mahadhi alifundishwa kazi miaka saba, na Piero alipoondoka alimwachia vyombo vyote. Bango la buluu likapanda. Karisa alirudi kushika jembe, halafu akapata kazi ya kubeba mizigo kwenye hoteli moja Watamu, na mpaka juzi alikuwa anabeba masanduku ya wageni.

Mtanena, na wewe ulifanya nini? Sikufanya kitu. Nilisema ni ndugu yangu, nilisema ni mchezo wa watoto, nilisema mama ataumia. Kila nikikutana na Karisa sokoni alikuwa akisimama na kuinama kidogo. "Shikamoo, dada Ruqaiya. Mama hajambo?" Na mara nyingi alinitilia mihogo kwenye kikapu, hataki hata kusikia habari ya pesa. Nikiitikia marahaba, na mihogo nikiichukua. Nilimchukia Mahadhi kwa hilo kuliko kwa wizi wenyewe.

Na bingwa wetu alizeekaje? Leo ana kitambi na laptop. Ndani ya laptop ametia programu inayojifanya mashine ya zamani, na michezo elfu tatu ya siku zile, na kile kijisanduku cheusi nacho kimo humo, kimegeuka faili tu, kitufe chekundu kimekuwa kitufe cha kibodi. Anacheza mchana kutwa huku simu za watu zinangoja kwenye sinia. Akiumwa anabonyeza. Akipotea anabonyeza. Programu ina hata namna ya kurudisha wakati nyuma, kwa hivyo akikosea anajifanya hakukosea. Michezo elfu tatu, na hakuna hata mmoja alioumaliza kwa jasho lake. Binti yake Sumeiya alimwuliza siku moja mbele yangu, "Baba, sasa raha yake iko wapi?" Akamjibu ati yeye ameshavuka ngazi ya kutaka raha.

Mwaka huu ile hoteli ya Watamu ikafungua chumba cha mashine za zamani. Mwenye hoteli amezikusanya, kompyuta za kibodi, TV nene za mgongo, kaseti, na wageni wa Ulaya wenye mvi wanazishika huku machozi yanawalenga. Meneja, Bi Cynthia, akataka msimamizi wa kukaa mle, kuzitunza na kuwafundisha wageni kucheza. Wakati huo huo akawaambia wachukuzi wa mizigo kwamba nusu yao wataachishwa mwisho wa mwezi. Karisa mgongo umemwisha, amekwisha ambiwa yumo katika hiyo nusu. Akaomba ile kazi ya chumba. Na Mahadhi, mwenye duka lake, mwenye vyombo vya bure na jina la bure, naye akaomba. Hakuihitaji hata kidogo. Alitaka kukaa kwenye kiyoyozi na kibandiko kifuani kilichoandikwa bingwa.

Bi Cynthia, mtu wa biashara, akaona hapo pana tamasha. Wote wawili wacheze Mzamiaji Jumamosi mbele ya wageni, atakayeshinda achukue kazi. Akauliza zamani mlikuwa mkicheza kwa sheria gani. Mahadhi ndiye aliyerukia kujibu, kifua mbele. Akasimulia ya Piero na chaki, na akasisitiza kabisa: jina lisiloulizwa na mashine haliandikwi. Bi Cynthia akaipenda hiyo, akaiandika kwenye tangazo.

Nilikwenda na Mahadhi Jumamosi hiyo kwa sababu alitaka awe na watu wake. Nilichukua kofia niliyokuwa nikiishona, maana sijui kukaa mikono mitupu. Ilikuwa kitambaa cheupe bado, safu ya kwanza ya vitundu haijatobolewa. Nikakaa karibu na dirisha, wageni wamejaa, wafanyakazi wa hoteli wamesimama ukutani, na Karisa yuko pembeni na shati lake la kazi limepigwa pasi. "Shikamoo, dada," akaniambia. Nikaitikia.

Mara nikamwona ndugu yangu anainama nyuma ya mashine na kuchomeka kitu. Kijisanduku cheusi. Kile kile, plastiki imekwaruzika, kitufe chekundu kimefifia.

"Hicho nini?" akauliza Bi Cynthia.

"Kinga ya umeme," akasema fundi. "Umeme wa Watamu mnaujua."

Wakatikisa vichwa wote, maana umeme wa Watamu wanaujua. Mtu wa miaka arobaini na sita, mwenye binti wa kuolewa, anaiba kwenye mchezo wa watoto ili amnyang'anye mtu mwenye mgongo mbovu chakula chake. Mara ya pili, mtu yule yule, kwa kitu kile kile. Nilikuwa nikidhani uso wake una mahali haya inapoanzia, kumbe ni mkavu mpaka ndani.

Karisa akacheza kwanza. Hakuwa amegusa kompyuta miaka thelathini, lakini vidole havikuwa vimesahau. Roho ya kwanza ilimchukua karibu nusu saa. Ya pili ikaenda haraka kidogo, ya tatu akaivuta mpaka wageni wakawa wanashika mashavu. Alipokufa mashine ikamwuliza jina, akaandika KARISA polepole, herufi moja moja, akasimama akauzuia mgongo kwa mkono. Walimpigia makofi. Mimi, bila kukusudia, nilikuwa nimetoboa vitundu vitatu kwenye kofia, kimoja kwa kila roho.

Akakaa Mahadhi. Mchezo ulipoanza akainama nyuma, ati anakaza waya. Kioo kikasimama kidogo, akakikinga kwa kitambi chake, kikaendelea. "Umeme," akasema.

Papa akamla dakika ile ile. Nikatoboa kitundu. Akazinduka, akaliwa tena. Kitundu. Mikono yake ilikuwa mizito, imezoea kurudisha wakati nyuma. Lakini kila akizinduka anaokota lulu mbili tatu, na alama zinapanda. Wageni hawakujua watazame wapi, wao waliona alama tu. Pembeni juu ya kioo kulikuwa na tarakimu ndogo, tatu, na haikuwa inasogea. Karisa alikuwa anaitazama hiyo. Nilimwona. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akautazama uso wa Mahadhi.

Baada ya saa nzima alama zake zikampita Karisa. Watu wachache wakapiga makofi. Na hapo ndipo nilipoyaona macho ya ndugu yangu yakienda kwenye tangazo ukutani, yakarudi kwenye mashine, yakaenda kwa watu ambao sasa walikuwa wamesogea nyuma ya mashine wameegemea meza, mmoja wao Karisa. Mashine haikuuliza jina. Haingeuliza, maana haikuwa na aliyekufa. Ili afe ilimpasa abonyeze kitufe chekundu mbele ya watu wote, kioo kisimame, aandike maneno ya kurudisha hesabu. Mwaka wa tisini na nne alikuwa peke yake. Leo alikuwa na hadhira aliyoitaka mwenyewe, na sheria aliyoileta mwenyewe kwa kidomo chake. Alijifungia ndani.

Akaendelea kucheza. Atafanya nini? Akijaribu kumtia mzamiaji kinywani mwa papa makusudi, mzamiaji anazinduka. Adhana ya Alasiri ikasikika. Wanaume wawili watatu wakatoka kwenda msikitini. Karisa, ambaye Jumapili yuko kanisani, ndiye aliyemkumbusha.

"Ndugu yangu, nenda ukaswali. Wacha tu mzamiaji hapo. Roho zikimwisha, mashine itauliza, utakuja kuandika jina lako. Umeshanipita."

Alisema kwa upole, na sijui mpaka leo kama ulikuwa upole. Maana Mahadhi akiinuka tu, mzamiaji ataliwa na kuzinduka, ataliwa na kuzinduka, na hata mtoto angeelewa. "Nitaswali baadaye," akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye kiyoyozi. Mimi sikuinuka pia, Mungu anisamehe.

Saa ikapita. Wageni wakaanza kwenda kuogelea. Monicah, mpishi wa hoteli, alikuwa ametoka jikoni mara mbili kuchungulia, na mara ya tatu akasimama mlangoni na mwiko wake.

"Huyu mbona haishi?" akauliza. "Yule mwingine alikufa vizuri, tukajua moja. Huyu anakufa kila mara na bado yupo."

Wafanyakazi wakacheka. Bi Cynthia akainua uso kutoka kwenye simu yake. "Bwana Mahadhi, una roho ngapi kwani?"

"Tatu," akasema Mahadhi. Na kweli kioo kilisema tatu.

Nikaitazama kofia mkononi mwangu. Safu ya kwanza ilikuwa imejaa, na ya pili imefika nusu. Nikahesabu, nikaondoa vile vitatu vya Karisa. Arobaini na moja. Nilimwona Karisa amekaa kwenye ukingo wa meza, mkono kiunoni, anangoja kwa adabu mtu amalize kumwibia. Aliibiwa hivyo hivyo mwaka wa tisini na nne, nami nilikuwa nyumbani na kopo langu la nyuzi.

Nikainuka. Nilikuwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe.

"Mahadhi," nikasema. "Kile kitufe chako chekundu kiko nyuma. Bonyeza ufe, twende tukaswali."

Hakugeuka. Masikio yake tu ndiyo yaliyobadilika rangi.

"Bonyeza," nikasema. "Umekufa mara arobaini na moja, nimekuhesabia hapa. Karisa alikufa tatu akamaliza. Irudishie mashine hesabu yake kama ulivyofanya kwa Piero."

Bi Cynthia akazunguka nyuma ya meza, akakitazama kijisanduku. Akauliza kile ni kinga ya nini hasa. Mahadhi akapeleka mkono nyuma, akabonyeza, kioo kikasimama, maneno meupe yakajaa, na kila mtu mle ndani akamwona anavyoandika kwa vidole vya mazoea, upesi, bila kukosea hata herufi. Akabonyeza tena. Papa wakaja. Tatu ikawa mbili, mbili ikawa moja, ikawa hakuna. Mashine ikauliza jina.

Na yeye, wallahi, akaandika. MAHADHI. Herufi zote. Mtu amevuliwa nguo mbele ya watu, bado anapiga pasi kola.

Bi Cynthia akanyoosha mkono akaizima mashine. Jina likapotea, na la Karisa likapotea pamoja nalo, lakini hilo Bi Cynthia alikuwa ameshalinakili kwenye karatasi yake. Akamwambia Karisa aje ofisini Jumatatu, asije na shati la mizigo.

Nilidhani Karisa atafurahi. Alikuja mpaka niliposimama, akaitazama ile kofia na vitundu vyake.

"Kumbe ulijua, dada Ruqaiya."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu leo. Ningekuwa Mahadhi, ningesema. "Tangu siku ile ile," nikamwambia.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu mihogo aliyoitoa.

Bango la buluu bado liko Shela, na neno bingwa bado liko juu yake. Sasa anawaambia wateja kwamba alimwachia Karisa ile kazi makusudi, sadaka, maana yule ni masikini na yeye Mungu amemjaalia. Wanamsifu. Sumeiya akimsikia hutoka nje. Sikutarajia jingine kutoka kwake, na sina tena nguvu ya kumkasirikia.

Mwezi uliopita nilikwenda Watamu kwenye harusi, nikapita hotelini kumpa mkono Karisa. Chumba kinang'aa, kaseti zimepangwa, yeye amekaa kwenye kiti chenye mgongo mzuri. Aliniona, akainuka, akanivutia kiti. Nikangoja shikamoo yake.

"Karibu," akasema. "Hujambo? Ungependa kucheza?"